Marehemu Hapokei Simu

Mkolani, Mwanza
18 Januari 2026

Dada Selina,

Shikamoo dada. Naandika kwa kalamu ya kuazima, kwa hiyo wino ukiisha katikati usidhani nimekukatia. Huku kwetu wazima. Rebeka mke wangu anakusalimia sana, na anasema niandike kabisa kwamba yeye hayumo. Yule mbuzi aliyevunjika pembe amezaa mapacha, wote wawili wanafanana na fundi baiskeli wa jirani, hatujui imekuwaje. Paa la jikoni bado linavuja palepale ulipotuonyesha. Shemeji Osward hajambo? Na mama mkwe wako, bibi Kokushubira, masikio yake vipi?

Sasa dada. Nimepiga simu yako tangu Jumanne. Jana shemeji Osward akanitumia ujumbe, nauandika kama ulivyo: "Selina anasema marehemu hapokei simu. Ukiwa na neno andika barua." Basi nimekaa kuandika. Mara ya mwisho kuandika barua nilikuwa darasa la saba, namwomba Rebeka urafiki, na unajua ile barua ilisomwa na nani. Hii natuma kwa basi la Bukoba. Konda ameapa ataishusha hapo Muleba, dukani kwa Prudencia.

Najua habari ya redio imekufikia. Naomba nieleze ilivyokuwa.

Waliniita kwenye kipindi cha jioni kwa ajili ya "Feri Imejaa." Nilivaa kofia yangu ya kauboi, buti, mkanda wenye kichwa cha ng'ombe, gita mapajani, ingawa redioni hakuna anayekuona. Mtangazaji akaniambia, "Kauboi Masele, huku Kanda ya Ziwa hatujawahi kuona mtu anapiga kantri kwa Kiswahili na watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Haya maneno unayatoa wapi?"

Mimi na wewe tunajua yanatoka wapi. Yanatoka Kigongo, kwenye karai lako la samaki, miaka yote ile watu wamekaa kwenye foleni ya feri hawana pa kwenda, na wewe unawakaangia sato huku unawasema mpaka wanasahau feri imeshaondoka. Nikafungua mdomo niseme, yanatoka kwa dada yangu Selina. Nikasema, yanatoka kwa marehemu dada yangu Selina.

Lile neno liliingia lenyewe. Mtangazaji akasema pole sana. Nami badala ya kusema hapana ndugu, yupo, nikasema asante. Kisha akaomba tusimame tukukumbuke kidogo. Nikasimama. Nikavua kofia.

Ni ulimi tu dada. Uliteleza. Nisamehe.

Mdogo wako,
Masele


Peponi, kwa njia ya Muleba
9 Februari 2026

Masele,

Marahaba. Huku peponi hatujambo. Ndizi asubuhi, ndizi mchana, ndizi jioni. Walituambia peponi hakuna njaa, hawakutuambia hakuna ugali. Osward ameng'olewa jino. Mama mkwe hajambo, masikio yamebaki kwa ajili ya hereni tu. Msalimie Rebeka, mwambie najua hayumo, angekuwemo usingefanya upuuzi huu. Na huyo fundi baiskeli mwangalieni.

Umeeleza upande wako. Sikiliza upande wa maiti.

Wewe umeniua jioni. Mimi nililala salama, sina habari. Alfajiri nikaenda shambani kupunguza majani ya migomba. Osward alikuwa Bukoba kwa ajili ya jino. Narudi na mkungu kichwani, naona nyumba yangu imejaa watu. Wanawake wamekaa kwenye mikeka, wanalia. Mama mkwe katikati, analia kuwashinda, kwa sababu aliona watu wanaingia wanalia akaona si adabu kuwauliza.

Na mimi sikuuliza. Nikatua mkungu, nikafunga khanga kiunoni, nikalia. Unanijua, kwenye msiba sina uvivu. Nimepita katikati yao nalia, wananipisha, uso nimeuficha kwenye khanga, mpaka nimefika mbele nikakaa karibu na Prudencia. Hapo ndipo nikafunua uso nikamwuliza taratibu, "Jamani, nani ametutoka?"

Prudencia alinitazama. Kisha akaruka ua. Mwanamke yule ana mwili, Masele, na ua wetu si mfupi. Mwinjilisti alikuwa katikati ya sala, akasema amina hapohapo na kushika baiskeli yake. Nilibaki mimi na mama mkwe, bado analia, amenishika mkono, ananiambia kwa Kihaya pole mwanangu.

Osward alirudi jioni na shavu limevimba. Habari ilikuwa imempata kwenye basi. Aliponikuta namenya ndizi alikaa kwenye kizingiti akashindwa kusema, sijui ni jino sijui ni kitu gani. Sitasema zaidi ya hapo. Ila ujue yule mzee alilia njia nzima kutoka Bukoba, na jino limetoka siku hiyohiyo.

Watu waliacha jogoo wa rambirambi. Nikamwuliza Osward kama ni halali kumla. Akasema mfiwa ni yeye, na mfiwa ana njaa.

Sasa hili la ulimi. Wangu umeteleza maisha yote, haujawahi kuua mtu. Andika tena, safari hii useme kweli. Na kitu kingine. Ubeti wa nne wa "Feri Imejaa" uko wapi? Nimesikiliza redio ya Prudencia mara tatu, wimbo unaisha kwenye wa tatu. Nani kaukata?

Marehemu Selina


Mkolani
20 Februari 2026

Dada Selina,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mbele ya Rebeka, tulipofika kwa Prudencia na ua Rebeka akaenda nje. Alirudi macho mekundu, hakusema ni ya kucheka au ya kulia. Wale mbuzi mapacha wanakua. Nimeanza kuziba paa, nimetoboa tundu jingine.

Haya, kweli. Haukuwa ulimi peke yake. Niliona nikisema marehemu, wimbo utapata heshima. Watu wanadharau kantri ya kuchekesha, dada. Wananiita kwenye harusi wananiweka karibu na jenereta. Lakini mtu akiimba maneno ya marehemu dada yake, hata mshereheshaji ananitangaza kwa sauti ya chini. Tangu siku ile naalikwa kila Jumamosi. Wanaume wazima wenye ng'ombe zao wanakuja kunishika mkono, wanasema pole Kauboi, kisha naanza:

Moyo wangu ni feri, mpenzi punguza kelele,
una baiskeli tu, malori yako mbele,

na wanacheka na machozi yao hayajakauka. Mchana mmoja kule Misungwi kwaya ilisimama ikakuimbia wewe. Nikaitikia sauti ya pili.

Naandika haya naona aibu, lakini umesema niseme.

Kuna shida nyingine. Nyimbo zimeisha. Nilizokuwa nazo ni zile nilizokariri nikikusaidia kuparua magamba. Nimejaribu kutunga yangu mwenyewe, inaitwa "Nakupenda Kama Trekta." Niliipiga kwenye harusi Kisesa. Dada, watu walinyanyuka kwenda kupanga mstari wa chakula na chakula kilikuwa hakijaiva. Bibi harusi alikuwa wa pili kwenye mstari.

Na mwezi wa sita kuna ngoma za Bulabo pale Bujora. Mwaka huu wameniweka kwenye mashindano, upande mmoja mimi na gita, upande wa pili Machibya mcheza ngoma na chatu wake. Unajua kanuni yetu, wote wawili mnaanza kwa mpigo mmoja, na watu wakikuhama wakaenda kwa mwenzako, umekwisha. Mimi nitamshinda vipi chatu kwa trekta?

Kama una neno lolote, hata moja, la kunisaidia.

Mdogo wako,
Masele


Muleba
2 Aprili 2026

Masele,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu ya Kwaresima, na kwa sababu sikutaka kuandika. Wazima wote. Mvua nzuri, migomba imesimama kama askari.

Umeniua, halafu unaniomba kazi.

Nilitaka barua iishie hapo. Lakini lile trekta limeninyima raha wiki nzima, nalifikiria mpaka nachoma maharage. Trekta halipendwi, Masele. Trekta linaazimwa. Ungesema:

Nakupenda kama trekta la jirani,
nalima nalo kutwa, likiharibika simo ndani.

Nimeupiga mstari kuufuta. Kama bado unausoma, geuza macho. Usiutumie.

Kanisani hapa niliwahi kusema neno la kuchekesha baada ya ibada, kina mama wakanishika mabega wakaniombea. Si wabaya. Ni watu wa taratibu, wamesoma, wanacheka kwa tarehe. Kule Kigongo mtu alikuwa akishuka kwenye basi amenuna tangu Geita, hajala, feri haionekani, na mimi nina muda wake wote. Sasa daraja limefunguliwa, watu wanapita juu ya maji dakika chache wako ng'ambo. Nashukuru, ni jambo jema, wagonjwa wanawahi. Hakuna anayesubiri kitu tena. Nilifunga karai nikamfuata mume wangu kwao. Sijui kwa nini nakueleza haya, unayajua.

Ile barua yako ya pili ni kweli nusu. Heshima ya wimbo. Heshima ungeipata kwa kusema dada yangu anauza samaki. Bado hujasema kwa nini ilibidi nife. Wala ubeti wa nne hukujibu.

Marehemu


Mkolani
19 Aprili 2026

Dada,

Shikamoo. Pasaka yetu ilikuwa nzuri, tumekula mmoja wa mbuzi mapacha, fundi baiskeli alikuja akala kidogo sana. Rebeka anasema nisikuandikie habari nyingi za nyumbani safari hii kwa sababu nazitumia kuzunguka. Basi sizunguki.

Mtangazaji aliponiuliza maneno nayatoa wapi, kwa mara ya kwanza nilitaka kusema ukweli. Kweli dada. Neno "dada yangu" lilikuwa limeshatoka kifuani. Halafu nikaona mbele. Nikaona nikisema upo hai watakutafuta. Watakuja Muleba na vipaza sauti vyao, watakukuta unamenya ndizi, wataomba useme kidogo. Na wakikusikia dakika tano, watajua mimi ni kofia tu.

Kofia, buti na mkanda. Nina miaka arobaini na saba, sijui kazi nyingine. Nimeuza vocha, nimechunga, nimekuwa mlinzi wa ghala la pamba nikafukuzwa kwa usingizi. Siku niliyosimama pale Mkolani stendi na gita nikaimba maneno yako, watu wakasimama. Mimi, Masele, watu wakasimama. Ukiwa hai, wanasimama kwa ajili yako. Ukiwa umekufa, mimi ndiye niliyebaki na maneno. Ndiyo sababu ulikufa. Sikuwaza jogoo, sikuwaza shemeji kwenye basi na jino lake. Niliwaza mimi tu.

Na ubeti wa nne niliukata mimi, studio, mtu wa mitambo akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Niliukata kwa sababu ulitia jina lako, kama manju wetu wote wa ngoma wanavyotia majina yao mwishoni wajulikane:

Ukiuliza nani kasema, ni Selina wa Kigongo,
samaki wake ni wa kweli, maneno yake ya uongo.

Nisingeweza kuuimba. Ningeuimba wangeniuliza Selina ni nani.

Ule mstari wa trekta la jirani nimeusoma, nisamehe, nilichelewa kugeuza macho. Sijautumia. Nimechekea chooni ili Rebeka asiniulize.

Hii ndiyo kweli yote, hakuna nyingine chini yake. Nimetafuta.

Masele


Muleba
25 Mei 2026

Masele,

Marahaba.

Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima na siku kadhaa. Osward ameisoma. Alisema, "Huyu sasa ameongea kama mtu mzima," akaenda kulisha kuku. Mama mkwe nimemsomea kwa kupiga kelele, majirani wote wamesikia, kwa hiyo na Prudencia anajua. Anasema unamdai ua. Hapana, nimekosea, yeye anakudai wewe, kwa kuruka ule ua.

Sitasema kama nimekusamehe. Kaa hivyohivyo kidogo, haitakuua, na kama ingekuua ungejua ladha yake.

Nataka kitu kimoja. Nifufue. Uliniua mbele za watu, unifufue mbele za watu, kwa mdomo wako, na jina langu ulitaje. Si kwenye simu, si kwa kunong'ona na huyo mtangazaji. Umesema kuna Bulabo. Basi hapo. Simama useme dada yangu yupo, na maneno yote ni yake. Wakikuhama wakaenda kwa chatu, na wakuhame. Ukifanya, nitakuwa dada yako. Usipofanya, nitabaki marehemu, na ujue maiti hawapokei barua nao. Hii ndiyo ya mwisho.

Usinitegemee kuja. Marehemu hasafiri.

Siku hizi pale Bujora watu wanajaa kama zamani? Wanakaa mpaka jioni au wanaondoka mapema? Vyombo vinafika mpaka nyuma kule kwenye miti, au walioko nyuma wanaona midomo tu? Na wanawake wanakuja? Nauliza tu.

Nimekuwekea kahawa ya kutafuna kwenye hii bahasha. Inaondoa woga. Na siku hiyo uvue kofia.

Selina


Mkolani
9 Juni 2026

Dada Selina,

Shikamoo. Sitaandika habari za mbuzi.

Juzi Jumapili nilifanya. Nimefanya kama ulivyosema na imekwenda vibaya mno, yaani nimeshinda.

Watu walijaa dada, kuliko zamani. Wamekaa mpaka jioni. Vyombo vinafika mpaka nyuma. Wanawake ni wengi kuliko wanaume na ndio wanaoongoza kuhama. Nimekujibu.

Tulianza kwa pamoja, Machibya na chatu shingoni, ngoma zake zinatetemesha tumbo. Baada ya nyimbo mbili mimi nilibaki na watoto na mzee mmoja aliyelala. Nikasema sasa hivi, Masele, hata kama ni kwa mzee aliyelala. Nikatafuna kahawa yako. Nikavua kofia nikaiweka chini. Nikasogea kwenye kipaza sauti, nikasema:

"Jamani naomba niungame. Dada yangu Selina niliyesema amekufa, hajafa."

Mzee akaamka. Mwanamke mmoja wa upande wa chatu akageuka akauliza, "Anasemaje?"

Nikasema, "Yupo Muleba. Nilimuua redioni kwa sababu ya wivu. Msiba umekaliwa, yeye mwenyewe alienda akalia."

Wakacheka. Nikasema jamani sitanii. Wakacheka zaidi. Nikaeleza mkungu, nikaeleza mwinjilisti na baiskeli, nilidhani wakisikia mambo yalivyokuwa wataona ubaya wangu. Dada, nilipofika kwa Prudencia na ua, upande wote wa chatu ulikuwa umeshahamia kwangu, wanakimbia, wameshika viatu mkononi. Nikapiga magoti. Nikalia, machozi kabisa. Jamaa mmoja mbele akamwambia mwenzake, "Huyu anajua kuigiza, tazama mpaka makamasi." Nikapaza sauti, "Mimi ni kofia tu!" Na kofia iko chini kwenye vumbi, basi hapo ndipo walipokaa chini.

Machibya aliacha ngoma akaja kusikiliza. Chatu naye alikuja, kwa kuwa yuko shingoni.

Nikaona njia iliyobaki ni ubeti wa nne. Nikauimba. Jina lako nimelitaja kwa sauti yote niliyonayo. Ni huo walioushika. Wakaudaka, wakaurudisha, wale walioko nyuma kwenye miti wanaanza walioko mbele wanamaliza, Selina wa Kigongo, Selina wa Kigongo, nimeweka gita chini na bado wanaendelea. Wameimba bila mimi.

Wamenipa ndama. Mtangazaji wa siku hiyo akasema sijawahi kuchekesha namna hii, na akanipa pole tena ya marehemu dada yangu.

Kwa hiyo nimekiri mbele ya watu wote wale na hakuna aliyeamini hata mmoja. Aliyelia ni Rebeka peke yake. Mchekeshaji akitubu anapigiwa makofi, mimi sikulijua hilo. Umeniambia nikufufue, na nimejitahidi mpaka suruali imechanika goti, lakini sasa umekufa kuliko mwanzo.

Ndama ni wako. Amefungwa hapa uani anakula kamba. Sijui nifanye nini tena dada, na najua ulisema hutapokea barua nyingine kama sikufanya. Nimeituma hivyohivyo.

Masele


Muleba
28 Juni 2026

Masele,

Marahaba mdogo wangu.

Huku wazima wote. Mama mkwe ameanza kutembea mpaka barabarani. Kahawa inaanikwa, uwanja wote unanukia vizuri.

Barua yako ilinikuta nimeshajua. Video ilifika Muleba kabla yako. Prudencia aliileta kwenye simu yake, amejaa hasira na majivuno, maana sasa kuruka kwake ua kunajulikana mpaka Shinyanga. Tumekaa kwenye mkeka wote wanne tukaangalia. Osward akauliza kwa nini jino lake hukulitaja. Kisha ulipopiga magoti akaanza kucheka. Nimeolewa na mtu huyu miaka mingi na sijawahi kuona meno yake ya nyuma. Sasa nimeona na pengo.

Mimi sikukuangalia sana. Uso wako naujua. Nilifumba macho nikasikiliza watu.

Wale wa kwenye miti. Wanavyoanza kidogo halafu wanaambukiza wa mbele. Mwanamke mmoja ana kicheko cha kama kuku anayefukuzwa, umemsikia? Kila foleni pale Kigongo alikuwepo mmoja wa namna hiyo, na nilikuwa namtafuta huyo kwanza, nikimpata najua siku imeisha vizuri. Prudencia alikuwa anataka simu yake, nikamwambia ngoja. Nimerudia ubeti wa nne mpaka chaji imeisha.

Umefanya nilichosema. Hawakuamini, si kosa lako. Kosa ni langu kumtuma mtu mmoja kazi ya wawili. Maiti hafufuliwi kwa maelezo, inabidi aonekane anatembea.

Kwa hiyo nakuja kumchukua ndama wangu. Nakuja na Osward, amesema anataka kumwona huyo chatu. Tafuta mahali watu watakapokaa, popote, hata harusi, hata karibu na jenereta. Utaanza wewe na huzuni yako, marehemu dada yangu hivi, marehemu dada yangu vile, walie kidogo. Mimi nitatokea nyuma ya watu na mkungu kichwani, niulize, "Jamani, nani ametutoka?" Wakikimbia, wewe piga gita. Wakirudi, naanza mimi.

Kofia nitavaa mimi. Mama mkwe ameniambia inanifaa, ingawa hajaiona. Wewe buti baki nazo, utanibebea gita pia, una mabega mazuri. Na ule mstari wa trekta ulioufuta, urudishe, ninao mwingine wa kuufuatia. Na paa la jikoni msiliguse, nitakuja nione mwenyewe.

Barua hii usiijibu. Nipigie simu. Piga asubuhi kabla sijaenda shambani.

Nitapokea.

Dada yako,
Selina wa Kigongo